Mbuzi wa majabali ya Oman: tumetoka milimani kwake na hatumjui

Mwanamaweni (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa jukwaa.

Nilikwenda Maskati kwa khalati yangu, nikakaa wiki tatu, nikarudi na haluwa, udi na picha moja iliyotoka na ukungu. Haluwa haikufika siku ya pili. Picha ninayo bado, na kila ninayemwonesha hapa Unguja ananiuliza swali hilo hilo: "Mbuzi wa nani huyo?"

Hana mwenyewe. Ni mnyama wa mwitu anayeishi katika milima ya Hajar tu, upande wa Oman na kipande kidogo cha Falme za Kiarabu, na porini kwengine duniani hayuko. Wataalamu wanamwita tahri wa Uarabuni. Waomani wanamwita waali, jina ambalo wanampa pia mbuzi mwitu mwengine wa upande wa kusini, mwenye pembe ndefu kama panga, kwa hiyo ukiuliza kule sharti useme waali yupi. Mie nafsi yangu namwita mbuzi wa majabali. Neno letu "jabali" ni lile lile lao, ila kwao ni mlima mzima, na sisi tulipolivusha bahari likabaki kuwa mwamba. Mnyama huyu anastahiki maana zote mbili.

Naandika kwa urefu kwa sababu hapa visiwani ni nani asiyekuwa na mkwe, jirani au babu wa Sumail, Rustaq, Nizwa au Ibra? Tunajua nani kamuoa nani tangu enzi za Sayyid Said. Tunajua kupika mishkaki na kufukiza ubani. Mnyama aliyekuwa akitembea juu ya vichwa vya wazee wale kila alfajiri, huyo hatumjui.

Nianze na umbo lake. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kimo chake begani ni sentimita 60 na kitu, na dume ana kilo 20 na kitu. Beberu mzuri wa hapa kwetu anaweza kumshinda uzito. Manyoya yake ni marefu, rangi ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu, na mstari mweusi umempita mgongoni. Tumbo ni jeupe. Pembe wanazo wote, dume na jike, si ndefu, nene kwenye shina na zimepinda kurudi nyuma. Dume mzee ana singa zinazoshuka kutoka shingoni mpaka katikati ya mgongo. Ukifika msimu wa kupandana singa hizo hurefuka, na pua yake na mistari ya machoni hugeuka nyeusi tititi.

Nilivyomwona mimi ni hivi. Mtoto wa khalati alinichukua kabla ya alfajiri, tukasali njiani, tukaingia bonde moja upande wa Quriyat na kukaa tumeelekeza uso kwenye genge refu. Saa mbili nzima tuliona mbuzi wa watu tu, wale wa masikio marefu, wakipanda na kushuka. Nilishaanza kusinzia. Likaporomoka jiwe dogo. Mwenzangu akanishika mkono, hakusema kitu. Nilitafuta kwa darubini kwenye ule mwamba mwekundu mpaka macho yakaniuma, kwa sababu rangi yake na rangi ya jiwe ni moja. Kisha kipande cha jiwe kikageuza kichwa. Alikuwa jike, na nyuma yake mwanawe, mdogo wa kama mwezi mmoja kwa macho yangu. Mama akapita kwenye ukuta ambao mimi nisingelisubutu kuuegemea, achilia mbali kuupanda, na mtoto akaweka miguu pale pale mama alipoweka yake. Hawakukimbia. Walisimama kidogo, wakatuangalia, wakapita mgongo wa genge wakapotea. Hayazidi dakika nne, na mimi nina umri wa miaka 46, lakini nilikaa pale nikajihisi nimerudi darasa la tatu.

Siri ya mwendo ule iko kwenye kwato. Ukingo wa kwato ni mgumu, unashika kwenye upenyo wa jiwe, na katikati pana nyama laini kama mpira inayong'ang'ania mwamba. Pande mbili za kwato hutanuka na kubana kila mmoja kivyake.

Sasa swali: anaishi vipi kwenye mawe matupu na joto lile? Hajar maana yake ni jiwe, na jina halijasema uongo. Sehemu kubwa ni mawe ya chokaa, nyengine ni mwamba mweusi uliokuwa sakafu ya bahari ukasukumwa juu, na kilele chake, Jabal Shams, kinafika kama mita 3,000. (Sisi tuliozaliwa maweni huku kusini mwa Unguja, mawe yetu nayo yalikuwa matumbawe baharini. Nilipokanyaga kule sikujiona mgeni sana.) Tahri anachagua miteremko iliyoelekea kaskazini. Kule jua hupita upande wa kusini kwa muda mwingi wa mwaka, kwa hiyo uso wa kaskazini una kivuli zaidi, unyevu unakaa, na majani yanachelewa kukauka. Anakula nyasi, majani ya vichaka na matunda, chochote kinachochipua kwenye nyufa.

Na lazima anywe. Hili ndilo linalomtenga na wanyama wengi wa jangwani ambao umande na majani huwatosha. Wakati wa joto tahri hushuka kwenye maji kila baada ya siku mbili au tatu. Palipo na chemchemi ya kudumu ndipo alipo. Chemchemi ikikauka, au ikizungukwa na mifugo, mlima mzima huwa hauna faida kwake hata ukiwa na majani.

Hapendi makundi. Mbuzi wengi wa milimani utawakuta ishirini, thelathini. Yeye utamkuta peke yake, au jike na mwanawe, na dume mmoja karibu. Dume ana eneo lake, hulitia alama kwa kuparura ardhi na kupiga vichaka kwa pembe. Mimba ni karibu miezi mitano kama mbuzi wa nyumbani, na kawaida huzaa mmoja tu.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Kijana wa Mwanza

Mkuu, uzi mtamu. Ila mbona huku bara tunaye? Mbuzi mawe yuko Serengeti kwenye yale mawe makubwa, nimemwona kwa macho yangu. Si ndiye huyo huyo?

Mwanamaweni

Ahsante kwa swali, kaka. Siye. Mbuzi mawe ni paa, jamaa wa swala na funo. Babu zetu walimpa jina la mbuzi kwa sababu ya makazi yake. Ukimwangalia vizuri amesimama kwenye ncha za kwato kama mtu anayetembea kwa vidole, na ana shimo jeusi mbele ya jicho linalotoa maji mazito anayoyapaka kwenye vijiti kuweka mipaka yake. Amefika kwenye majabali kwa njia yake mwenyewe. Mbuzi wa mwitu wa kweli Tanzania haina. Wa karibu nasi zaidi ni walia, aliyeko milima ya Simien kule Ethiopia tu.

Lakini umenigusa pazuri, kwa sababu hata tahri si mbuzi hasa. Zamani waliaminika kuwa tahri watatu ni ndugu wa tumbo moja: mmoja wa milima ya Himalaya, mmoja wa Nilgiri kusini mwa India, na huyu wa Oman. Wanafanana sana. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ukavunja ile familia. Wa Himalaya akaonekana yuko karibu na mbuzi. Wa Nilgiri yuko karibu na kondoo. Huyu wa Oman ndugu yake wa karibu akakutwa ni kondoo mwitu wa Afrika Kaskazini, yule mwenye ndevu ndefu kifuani anayekaa milima ya Atlas na ya Sahara. Basi akapewa jenasi yake peke yake, Arabitragus, na hana mwenzake ndani yake.

Fikirini hilo. Mnyama wa Oman, ndugu yake yuko Afrika. Mimi niliposoma nilicheka kwa furaha, kwa sababu ni hadithi ya nyumba nyingi za Malindi na Mkunazini.

BintiWete

Mwalimu (nahisi wewe ni mwalimu, unavyoandika), mie nina mawili. La kwanza, nani aliyemtambulisha kwa ulimwengu? La pili, kwa nini tusimchanganye na mbuzi wa kufuga tukapata mbegu inayostahamili ukame? Huku Pemba mbuzi wanateseka kiangazi.

Mwanamaweni

Bi dada, umekisia sawa, nasomesha skuli ya sekondari.

La pili kwanza. Haifai. Mbuzi wa kufuga, wa Wete na wa Nizwa, wote asili yao ni mbuzi mwitu wa milima ya Uturuki na Iran, aliyefugwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Tahri yuko tawi jengine la ukoo kabisa, kama nilivyoeleza. Na hata ingewezekana, mnyama aliyebaki kidogo namna hii si wa kuchukuliwa mbegu. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, limemweka kwenye daraja la walio hatarini kutoweka, na makadirio ni kuwa wakubwa waliobaki porini hawafiki 2,500.

La kwanza ni hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye uzi huu. Miaka ya 1870 Maskati ilipata daktari wa Kihindi, Atmaram Jayakar, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ubalozi wa Uingereza. Akakaa zaidi ya miaka 20, mpaka 1900. Daktari huyu hakutosheka na wagonjwa. Alikusanya methali za Waomani, akaandika kuhusu Kiarabu chao, na kila kiumbe kilichomfikia mkononi alikihifadhi na kukipeleka London. Pana mjusi, nyoka wa mchangani na farasi wa baharini waliopewa jina lake. Miongoni mwa alivyopeleka ni mabaki ya mbuzi wa majabali. Mwaka 1894 Oldfield Thomas, mtaalamu wa makumbusho ya London, akamwandika rasmi na kumwita jayakari.

Sasa shikeni hapa. Wakati Jayakar anaanza kazi Maskati, mtawala wa kule alikuwa Sayyid Turki bin Said. Hapa Unguja mtawala alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Ndugu, wote watoto wa Sayyid Said. Na hapa Unguja naye Barghash alikuwa na daktari wa kigeni karibu yake, John Kirk, aliyekuja kama tabibu akawa balozi wa Uingereza. Kima punju wetu wa msitu wa Jozani amepewa jina la Kirk tangu 1868. Ndugu wawili, bandari mbili, matabibu wawili, kila mmoja ameacha jina lake kwa mnyama wa pale.

Na haijesha. Yule yule Oldfield Thomas aliyemwandika tahri 1894, ndiye aliyemwandika paa nunga wetu, yule paa mdogo wa msituni, mwaka 1918, akampa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Unguja wakati huo. Mkono mmoja umeandika wanyama wawili, mmoja wa majabali ya Oman, mmoja wa maweni ya Unguja. Wote wawili wadogo, wenye haya, wanaokaa kwenye mawe makali. Na wote wawili leo wako taabuni.

Mtoto wa Sumail

Wa alaykumu salaam. Mie nipo huku, mama yangu ni wa Kikwajuni, Kiswahili changu msikicheke.

Ami yangu mkubwa aliwinda waali ujanani. Alinihadithia kuwa hawakuwa wakimfuata mlimani, ni kupoteza nguvu. Walijificha karibu na maji wakati wa kiangazi na kumsubiri. Mnyama anajua kuwa anaviziwa, anakaa juu siku nzima akiangalia chini, lakini kiu haina subira. Ami sasa ni mzee sana na hilo linamuuma. Anasema aliacha siku alipompiga jike, kumbe lina maziwa.

Nataka kuongeza kitu ambacho wageni hawakioni. Zamani wachungaji wa milimani, wanawake na watoto hasa, walitoka na mbuzi asubuhi na kurudi nao jioni. Mbuzi alihesabiwa. Ilipokuja kazi ya mafuta, barabara na ofisi, watu wakashuka mjini. Mbuzi wengine waliachwa. Wamezaana huko juu, hawana mchungaji, hawarudi usiku. Na hao ndio wanaokula majani ya waali na kujaa kwenye maji yake. Bunduki imepungua sana. Mbuzi wameongezeka.

Mwanamaweni

Kiswahili chako ni cha Kikwajuni khasa, usione haya. Mpe salamu ami.

Umesema jambo ambalo ndiyo kiini cha uzi wangu, na nilikuwa nalitafutia mlango. Adui mkubwa wa mbuzi wa majabali leo ni mbuzi. Mbuzi wa nyumbani anakula kila kitu tahri anachokula, anazaa mara nyingi zaidi, mara nyingi mapacha, anastahamili kuwa karibu na watu, na anafika karibu kila mahali anapofika tahri. Wakigombea chemchemi moja, mwenye haya ndiye anayeondoka. Yapo mengine pia: machimbo ya mawe, barabara zinazokata milima, ujangili uliobaki. Lakini hayo yana sura ya ubaya, mtu akiyaona anayajua. Mbuzi ana sura ya baraka. Ni nani atakayemtuhumu?

Daktari wa mifugo, Unguja

Naunga mkono, na naongeza la maradhi. Sotoka ya mbuzi na kondoo haibagui wa kufuga na wa mwitu. Mwaka 2016 na 2017 iliingia kwa swala saiga wa Mongolia kutoka kwenye mifugo, ikaua maelfu kwa maelfu. Mnyama aliyebaki makundi madogo madogo kwenye milima iliyotengana, ugonjwa wa namna hiyo ukifika bonde moja unaweza kulifagia lote. Kwa hiyo chanjo ya mbuzi wa kijijini ni kinga ya mnyama wa mlimani vile vile. Watu wengi hawaoni uhusiano huo.

Mfugaji wa Mkokotoni

Samahanini wakubwa, mie naona mnatupeleka pabaya. Mbuzi ni benki ya mtu masikini. Mtoto akiugua unauza mbuzi, skuli zikifunguliwa unauza mbuzi, Idi Kubwa ikifika ndiyo kabisa. Leo mnamwita adui? Kesho mtatuambia tuwachinje wote kwa ajili ya mnyama wa Oman?

Mwanamaweni

Hasha, ndugu yangu, na hoja yako ni ya haki. Mie mwenyewe nimesomeshwa kwa mbuzi; bibi yangu aliuza wawili nikaingia kidato cha kwanza. Nilichokusudia ni mbuzi asiye na mchungaji. Mbuzi wako anarudi zizini, ana kamba, unamjua kwa jina. Yule wa juu ya Hajar hana mtu, hauzwi, hachinjwi, haponyi mtoto wa yeyote. Hana faida kwa masikini wala kwa tajiri.

Nikupe mfano wa karibu. Wale kobe wakubwa wa kisiwa chetu cha Changuu asili yao ni Aldabra, Shelisheli, waliletwa zawadi mwaka 1919. Kwenye kisiwa chenyewe cha Aldabra mabaharia walikuwa wameacha mbuzi, ili wakipita tena wapate nyama. Mbuzi wakazaana, wakala mpaka vivuli ambavyo kobe walikuwa wakijifichia jua la mchana, na kobe akikosa kivuli adhuhuri hufa kwa joto. Ilichukua miaka mingi kuwaondoa; mwaka 2012 ndipo Aldabra ikasafika. Waliowaacha mbuzi wale hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Makunduchi Halisi

Swali langu, anaye adui wa asili? Chui?

Mtoto wa Sumail

Alikuwepo chui wa Uarabuni. Wazee wa huku bado wana majina ya mapango aliyokuwa akilala. Leo kwa Oman amebaki Dhofar, kusini kabisa, mbali na milima yetu. Na choroa wa jangwani, wa mwisho wa porini aliuliwa 1972, wakarudishwa waliozalishwa nje mwaka 1982. Kwa hiyo sisi tunajua maana ya kupoteza mnyama na kumtafuta tena.

Makunduchi Halisi

Sawa na chui wetu wa Unguja. Babu yangu aliapa kuwa anamjua mtu anayefuga. Mie sijawahi kuona hata unyayo.

BintiWete

Sasa mwalimu, umetuonesha ugonjwa. Kule wamefanya nini? Isije ikawa tunasoma tu halafu tunalia.

Mwanamaweni

Wamefanya, na mapema. Katikati ya miaka ya 1970, Oman ya Sultan Qaboos bado inajenga barabara zake za mwanzo, likatengwa eneo la Wadi Sareen, kusini mashariki ya Maskati, kwa ajili ya tahri, na uwindaji wake ukapigwa marufuku. Mtafiti Mwingereza, Paul Munton, akakaa kule mwishoni mwa miaka hiyo akimfuatilia mnyama. Mengi tunayoyajua kuhusu maji na miteremko ya kaskazini yametoka kwenye kazi yake. Nchi ilianza pia kuwazalisha kwenye mabanda, na hata Al Ain upande wa Falme za Kiarabu wanawazalisha.

Lakini jambo lililonipendeza kuliko yote ni walinzi. Walichukuliwa watu wa mabonde yale yale. Watoto wa wawindaji. Mtu anayejua chemchemi ipi inakauka mwezi gani, na anayejua nani kijijini ana bunduki chini ya kitanda, ndiye aliyepewa kazi ya kulinda. Mmoja nilikutana naye, mtu mzima wa ndevu nyeupe. Nilimwuliza anawahesabu vipi. Akasema siku hizi wanatega kamera zinazojipiga zenyewe, kwa sababu mnyama anakuona wewe zamani kabla hujamwona. Kisha akanionesha kwa kidole mlima mzima na kunitajia kila chemchemi kwa jina lake, kama mtu anayetaja watoto.

Bi dada, nyie Pemba mnaijua njia hii. Popo wenu mkubwa, mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa ameisha kwa kuliwa, amebaki wa kuhesabika. Watu wa vijiji wakaunda klabu zao, Kidike wakaufanya mti wa popo kuwa amana yao, na leo wako maelfu. Hakuletwa askari kutoka mbali.

BintiWete

Wallahi nimetokwa na machozi. Babu yangu alikuwa akituambia popo wa Kidike wana wenyewe. Nilidhani ni maneno ya kututisha tusirushe mawe.

Mwanamaweni

Mwenyezi Mungu amrehemu kama ametangulia, na ampe afya kama yuko hai.

Sasa paa nunga. Huyu ndiye aliyenifanya niandike. Nilipokuwa kule nikimtazama yule jike na mwanawe, moyo wangu ulikuwa Jozani. Makadirio ya mwaka 1983 yalisema Unguja ina paa nunga kama 5,000. Ya 1999 yalisema 600 hivi. Miaka 16 tu. Msitu wa maweni unakatwa kuni na mkaa, na wasasi wanaingia na mbwa na nyavu. Nje ya Unguja yupo pwani ya Kenya, kwenye misitu ya kule, basi. Wachache walipelekwa Chumbe wakae salama, ni hatua njema, lakini kisiwa kile ni kidogo mno kubeba mustakbali wa mnyama.

Nimekulia Muyuni. Utotoni nilikuwa namsikia zaidi kuliko kumwona. Kima wakila juu ya mti na kuangusha majani na matunda, yeye yuko chini anaokota. Ukitaka paa nunga, tafuta kima kwanza. Wasasi wa kijiji chetu walijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Wanajua njia zake, wanajua anapolala mchana. Ujuzi huo tunauacha ufe nao, au unatumika kumuua. Hawa ndio watu wa kuajiriwa kumlinda, na kulipwa mshahara wa kweli, si posho ya semina moja. Nimelisema hili kwenye kikao kimoja miaka ya nyuma, nikaambiwa msasi ni msasi. Basi yule mzee wa ndevu nyeupe wa Wadi Sareen naye ni mtoto wa msasi.

Mfugaji wa Mkokotoni

Hapo nimekuelewa, mwalimu. Nami nina kaka alikuwa msasi. Akiona chapa ya kwato mchangani anakwambia dume au jike, na imepita saa ngapi. Nitamwonesha uzi huu.

Mwanamaweni

Mwambie anitafute hapa hapa, kwa heshima zote. Nina wanafunzi 40 wanaotaka kujifunza kusoma unyayo na mimi siujui.

Kijana wa Mwanza

Mkuu wa mwisho. Nikipata safari ya Maskati, namwona wapi huyu mnyama?

Mtoto wa Sumail

Njoo kati ya Novemba na Februari, joto halikuumizi. Hifadhi yenyewe inahitaji ruhusa, ulizia mapema kabla hujapanda ndege. Vaa nguo za rangi ya mchanga, chukua darubini na maji yako mwenyewe, ukae kimya umeelekea genge linalotazama kaskazini, jua halijatoka. Usikae karibu na chemchemi hata kidogo, utamzuia kunywa. Na usitafute kwa macho mwanzo. Sikiliza mawe.